WAGONJWA WA AKILI: NI NANI ANAPELEKWA HOSPITALI?



Mwaka huu mwenzetu mumoja alianguka katika darasa, akatetemeka, povu ikamutoka kinywani. Tukakimbia wote, hata sisi wakubwa wa mwaka wa mwisho. Tulisema kifafa kinaambukiza. Ni uongo. Kwa ile haya tumeandika habari hii.

Upande wetu wa mashariki, hospitali ya akili inayojulikana ni Sosame ya Bukavu, iliyofunguliwa 1994. Kutoka Kailo ni mbali, na njia ni mbaya.

Katika hospitali za namna ile magonjwa yanajirudia. Kuna skizofrenia: mutu anasikia sauti zisizo na mwenyewe, anawaza wanataka kumuua. Mara nyingi inaanza katika ujana, ndiyo umri wetu. Kuna ugonjwa wa kupanda na kushuka: siku hizi anasema mbio, halali, kisha anazama katika huzuni. Kuna walioharibiwa na pombe na bangi. Na katika Afrika kifafa pia kinaletwa pale, ijapokuwa ni ugonjwa wa ubongo.

Lakini tuangalie vizuri. Duniani skizofrenia inashika karibu mutu 1 katika 300. Huzuni nzito, karibu watu wazima 5 katika 100. Sababu gani basi vitanda vinajaa wale wa kwanza? Ni kwa sababu jamaa wanapeleka yule anayesumbua, anayepiga, anayetembea uchi sokoni. Mama asiyeamka tena kwenda shamba anabaki nyumbani. Wanasema ni muvivu. Vitanda havihesabu wagonjwa wote. Vinahesabu wale waliotushinda.

Na wengi wanafika wamechelewa: kwanza muganga wa kienyeji, kisha chumba cha maombi, kisha kamba. Kuomba tuombe. Lakini hata katika Marko 5 yule mutu wa makaburini alifungwa minyororo mara nyingi, haikumusaidia kitu.

Wenye kifafa, hata 70 katika 100 wanaweza kukaa bila kuanguka, wakipata dawa inayofaa na kuimeza kila siku. Basi mwenzetu akianguka tena, tusikimbie. Tuondoe vitu vya kumuumiza, tumulalishe ubavu, tusitie kitu kinywani. Ikipita dakika 5, mumoja akimbie kumuita munganga. Na usiku, tusihamishe vitanda vyetu mbali na chake.