Payslipu, Mitumba na Laptopu: Nani Kati Yetu Anakatwa Zaidi?

Mwaka jana nilimtumia mteja ankara ya Sh40,000 kwa kazi ya kuhariri video. Simu ikalia: Sh38,000. Nikampigia mhasibu wao nikiwa nimewaka. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Kaka, hujawahi kusikia ushuru wa zuio?"

Sikuwa nimewahi. Niliacha chuo mwaka wa pili, na hata hizo semista nilizosoma hakuna aliyetufunza mambo haya. Basi nikashika kalamu na kikokotoo. Kama unaishi kwa mshahara, kibanda au laptopu, haya yanakuhusu.

Tuanze na aliyeajiriwa. PAYE hupanda kama ngazi. Kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya 2023, Sh24,000 za kwanza kwa mwezi hutozwa asilimia 10. Sh8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25, kisha asilimia 30 hadi ufike Sh500,000. Hapo juu kuna 32.5, na ukipita Sh800,000 ni 35. Halafu kila mtu hupunguziwa Sh2,400.

Sasa piga hesabu, tukiweka kando NSSF, bima ya afya na ushuru wa nyumba. Mwenye Sh30,000 analipa Sh1,500, yaani asilimia 5. Mwenye Sh100,000 analipa kama Sh22,380, zaidi ya asilimia 22. Na usidanganywe kwamba ukiongezewa mshahara utaishia kupata kidogo kuliko awali. Asilimia 30 hugusa zile pesa za juu tu, si mshahara wote.

Twende kwa jirani yangu anayeuza mitumba. Akiuza kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka, anaingia kwa TOT: asilimia 3 ya mauzo, kila mwezi. Inasikika kidogo, sivyo? Lakini ni ya mauzo, si ya faida. Tuseme mwezi huu ameuza nguo za Sh100,000. Belo, kodi ya kibanda na usafiri vimekula Sh90,000. Amebaki na Sh10,000, na TOT ni Sh3,000. Hiyo ni asilimia 30 ya faida yake! Aliyeajiriwa akilipwa Sh10,000 hatozwi PAYE hata senti. Jirani akipata hasara, bado analipa. Uzuri wa TOT ni urahisi wake: huhitaji mhasibu. Lakini ukiwa na faida nyembamba, unaruhusiwa kuomba kutoka huko, uweke vitabu vya hesabu na kutozwa kwa faida yako halisi.

Halafu kuna sisi wa laptopu. Zile Sh2,000 nilizokatwa ni asilimia 5, na mimi nilidhani mambo yameishia hapo. Wapi! Hiyo ni rubuni tu. Mwisho wa mwaka mapato yako yanapandishwa ngazi ile ile ya aliyeajiriwa. Ukipata Sh40,000 kila mwezi, mwaka ni Sh480,000, na ushuru wake ni Sh52,600. Umeshakatwa Sh24,000. Zilizobaki, Sh28,600, unadaiwa wewe. Niliposoma hapo nilifunga laptopu nikatoka nje kupunga hewa, maana sikuwa nimeweka akiba hata ya mia.

Kilichoniokoa ni gharama. Bando, umeme wa kazi na programu za kuhariri hutolewa kwanza kabla ya hesabu kuanza, mradi una risiti. Na kama mapato yako ya mwaka hayazidi Sh288,000, hudaiwi kitu. Zile asilimia 5 unaweza kuomba zirudishwe.

Wengine duniani wameamua vingine. Estonia ilianza kutoza kiwango kimoja kwa wote mwaka wa 1994, asilimia 26 wakati huo. Bulgaria imekuwa na asilimia 10 tangu 2008. Ni rahisi kuelewa, kweli, na pia ni rahisi kujaza fomu. Lakini hebu tujaribu hapa kwetu kwa asilimia 15 bila punguzo lolote: mwenye Sh30,000 angetoka Sh1,500 hadi Sh4,500, naye wa Sh100,000 angeshuka kutoka Sh22,380 hadi Sh15,000. Milki za Kiarabu nazo hazitozi mshahara kabisa. Zina mafuta, na tangu 2018 zinatoza VAT ya asilimia 5 dukani.

Kwa hivyo mtu akikuambia kiwango fulani ni "kidogo", muulize: kidogo cha nini? Cha mauzo, cha mshahara au cha faida? Mwaka wa 2024 kizazi chetu kilisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu hadi ukaondolewa. Sasa tusome na payslipu zetu.

Wewe anza leo. Dai cheti cha kila shilingi unayokatwa. Weka risiti. Kila malipo yakiingia, tenga kidogo kando. Na ujaze ritani kabla ya Juni 30, hata kama hukupata kitu, kwa sababu faini ya kuchelewa huanzia Sh2,000.

Hizo ni zile zile nilizompigia mhasibu kelele.