Mlinzi wa Lango la Mahakama: Mipaka ya Kazi Yake na Haki Yako

Mkazi wa Mkumbara anayeitwa kwenye Mahakama ya Wilaya ya Korogwe anaweza kukutana na mlinzi kabla hajamwona karani wala hakimu. Katika majengo mengi ya umma, mlinzi wa namna hiyo ni mwajiriwa wa kampuni ya ulinzi, si askari polisi. Yafaa mwananchi aielewe mipaka ya kazi yake, kwa kuwa kukwama langoni kuna gharama kubwa. Mdai asipofika, shauri lake laweza kufutwa. Mdaiwa asipofika, laweza kusikilizwa upande mmoja. Na mshtakiwa aliye nje kwa dhamana aweza kutolewa hati ya kukamatwa.

Kazi ya mlinzi ni kuuliza shida yako, kukagua mizigo na kuzuia silaha. Panga au kisu ulichozoea kwenda nacho shambani, kiache nyumbani. Mwanamke anapopekuliwa, apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha.

Mlinzi hana mamlaka ya kuamua nani asikilizwe na nani asisikilizwe. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inataka mahakama iwe mahali pa wazi ambapo watu wanaweza kuingia kadiri nafasi inavyoruhusu. Amri ya kuwatoa watu hutolewa na hakimu au jaji. Mlinzi akimkamata mtu kwa kosa lililotendwa mbele ya macho yake, anapaswa kumkabidhi kwa polisi bila kuchelewa.

Hakuna kiingilio cha mahakamani. Ada halali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, nawe hupewa stakabadhi. Haikabidhiwi mkononi mwa mlinzi.

Ukizuiwa, usigombane. Onesha hati ya wito, kisha omba karani aarifiwe kwamba umefika. Andika saa uliyofika na jina la mlinzi, na siku hiyohiyo mweleze hakimu au hakimu mfawidhi yaliyokupata, ili kuchelewa kwako kusihesabiwe kuwa ni ukaidi. Ukidaiwa rushwa, toa taarifa TAKUKURU kwa simu namba 113, bila malipo.

Safari ya kutoka Mkumbara hutegemea basi. Ondoka mapema, ili ukaguzi wa langoni usile muda wa shauri lako.