Sauti na kumbukumbu

Sauti na kumbukumbu vina uhusiano wa karibu: sauti ya kila siku, kama adhana au mchi ukitwanga kinuni, inaweza kumrudishia mtu tukio la zamani pamoja na hisia zake.

Sikio hugeuza mitetemo ya hewa kuwa ishara zinazopita katika neva hadi ubongoni. Huko amigdala huhusika na hisia kama hofu, na hipokampasi huhusika na kumbukumbu za matukio. Sauti ikisikika pamoja na tukio zito, ubongo huviunganisha. Baadaye sauti peke yake inaweza kuamsha hisia ileile. Mrusi Ivan Pavlov (1849–1936) alionyesha jambo linalofanana kwa mbwa, waliotoa mate waliposikia sauti waliyozoea kuisikia kabla ya chakula.

Kwa sababu hiyo sauti moja haina maana moja kwa wote. Katika pwani ya Kilwa na Lindi, mvumo wa mawimbi unaweza kumkumbusha mmoja utoto wake na mwingine ndugu aliyezama. Pwani hiyo imesikia pia milipuko ya uvuvi wa baruti, ambao umepigwa marufuku nchini Tanzania. Mvuvi aliyeona mwenzake akijeruhiwa anaweza kutetemeka hata mlango ukibamizwa, ingawa anajua kwamba yuko salama.

Mshtuko huo si woga wala kurogwa. Ukiendelea kwa zaidi ya mwezi na kuvuruga usingizi au kazi, unaweza kuwa dalili ya ugonjwa unaofuata kiwewe. Wataalamu wa afya ya akili huutibu kwa mazungumzo na kwa kumzoesha mgonjwa sauti hiyo polepole, mahali salama.