Kabla Hamjanunua Chaja Nyingine ya Pampu

Siku hizi vikundi vingi vya wakulima upande wa Thika na Ruiru vimeachana na ile pampu ya kupiga dawa kwa mkono, vikanunua ya betri, ya lita 16 au 20. Mkono unapumzika na kazi inakwenda mbio. Lakini pampu ya kikundi inazunguka kwa wanachama wengi, na asubuhi ikikataa, maneno huwa yale yale: "Chaja imekufa." Mwekahazina anatoa pesa, chaja mpya inanunuliwa mjini, na pampu bado haisukumi dawa. Tumeona kikundi kimoja cha akina mama kikinunua chaja mara mbili msimu mmoja, kumbe ile ya kwanza ilikuwa nzima.

Kwa wakulima wa kahawa hasara haiishii kwenye bei ya chaja. Ugonjwa wa chule haungoji. Mvua zikianza, dawa isipopigwa kwa wakati, punje changa zinaoza mtini. (Waliopanda Ruiru 11, ile kahawa iliyotolewa na watafiti wa hapa Ruiru mwaka 1985, wana nafuu, maana inastahimili chule na kutu ya majani. Lakini nyanya nayo inataka dawa yake.)

Basi tuanze ukutani. Toeni chaja, chomekeni ya simu kwenye soketi ile ile. Simu isipopata stima, shida ni ya nyumba. Simu ikipata, angalieni plagi. Chaja nyingi za pampu huja na plagi ya miguu miwili, nasi tumezoea kuingiza kalamu kwenye tundu la juu ili ikubali. Tuseme wazi kwamba tabia hiyo ni mbaya. Plagi inakaa ikiwa legevu, inatoa cheche, inapata moto, na mwisho soketi inaungua. Nunueni adapta. Kama plagi ni ya miguu mitatu, ndani yake kuna fyuzi ndogo. Ikiungua, wekeni nyingine ya ampea 3, si kipande cha waya wala karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Fyuzi imewekwa iungue ili nyumba isiungue.

Sasa taa. Kwa kawaida nyekundu ina maana betri inakula, na kijani ina maana imeshiba. Hapa ndipo wengi wanapotea. Betri imetoka shambani bila nguvu, mnachomeka jioni, na papo hapo taa ni kijani. Mwanachama anafurahi, analala. Asubuhi pampu inazunguka dakika tano, basi. Taa ya kijani inasema tu kwamba hakuna umeme mwingi unaotoka kwenye chaja. Huenda betri imeshiba kweli. Huenda pia umeme haufiki: waya umekatika, fyuzi iliyo ndani ya pampu imeungua, au vile vyuma vya betri vimeshika kutu kwa sababu ya dawa iliyomwagika. Au betri yenyewe imekufa na haipokei chochote. Betri tupu ya 8Ah huhitaji saa kadhaa, kwa chaja nyingi karibu usiku mzima. Ikisema imeshiba baada ya dakika mbili, msiiamini.

Ili kujua ukweli, kikundi kinahitaji mita ndogo ya kupimia volti. Wekeni kwenye volti 20 za umeme wa betri, waya mwekundu upande wa kujumlisha, mweusi upande wa kutoa. Msipime chaja peke yake mkakata shauri, kwa sababu chaja nyingine hazitoi umeme mpaka zione betri. Pimeni kwenye vyuma vya betri yenyewe, kabla ya kuchomeka, kisha baada ya dakika kumi chaja ikiwa imewaka.

Tuseme mlianza na volti 12.1. Zikipanda polepole kupita 13, chaja inafanya kazi, iacheni. Zikibaki 12.1, umeme haufiki. Kagueni waya na fyuzi ya ndani kabla ya kulaumu chaja. Zikiruka upesi hadi karibu 15, betri imegoma kupokea. Na mkikuta betri iko chini ya volti 10.5 hata kabla ya kuanza, mara nyingi haitapona.

Kuna kipimo kingine tunachokipenda. Chajini usiku, chomoeni, ngojeni saa chache, mpime. Betri nzima ya risasi itakuwa karibu volti 12.7. Kisha tieni maji kwenye pampu, iwasheni, mpime ikiwa inasukuma. Zikianguka mara moja chini ya 11, nunueni betri, chaja muiache.

Kinachoua betri hizi zaidi ni njaa. Msimu ukiisha, pampu inatupwa stoo bila chaji, na kwa miezi ile chumvi ngumu inashika kwenye sahani za risasi ndani. Ndiyo maana malalamiko huja pampu inapotolewa stoo mvua zikikaribia. Ichajini kabla ya kuihifadhi, na kila mwezi mtu mmoja apewe jukumu la kuirudishia.

Msiazime chaja ovyo. Ile kubwa ya betri ya gari inasukuma umeme mwingi mno kwa betri hii ndogo. Hatari zaidi ni pampu mpya zenye betri ya lithiamu, zilizoandikwa Li-ion. Nyingi za volti 12 hushiba kwa 12.6, na chaja ya betri ya risasi hupita 14. Betri hiyo inaweza kushika moto. Andikeni jina la pampu juu ya chaja yake kwa rangi. Wala msifungue chaja kuchokora ndani, hata ikiwa imechomolewa, kwa maana kuna sehemu zinazobakiza umeme. Hiyo ni kazi ya fundi.

Betri iliyokufa isivunjwe nyumbani wala kutupwa shimoni. Ina risasi na asidi. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu sumu ya risasi, watoto wakiwemo, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Wauzaji wa betri na wa vyuma chakavu huzinunua kwa kilo. Mpaka siku ya kwenda mjini, iwekeni stoo ikiwa imesimama wima, mbali na watoto na mbali na chakula.