Mama akata roho jukwaani, Babati yaangua kicheko!

Hebu msomaji nijibu hili kwanza. Uko ukumbini, mwigizaji anakata roho, mwanawe analia kwa wimbo, halafu ukumbi mzima unaangua kicheko. Nani kachemsha hapo, msanii au mtazamaji?

Nauliza kwa sababu hapa Babati mjini swali hilo limetugawa. Kuna kikundi cha vijana (jina nalihifadhi, bado wanajikongoja) kilichotoa igizo jipya la muziki. Siyo kwaya, siyo vichekesho. Ni hadithi nzima ambayo watu wanaimba badala ya kusema. Kijana anamwacha mama yake mgonjwa kando ya Ziwa Babati, anakwenda Mererani kusaka tanzanaiti. Inatugusa, bwana. Tangu Juni 2020, Saniniu Laizer wa Simanjiro alipoiuzia serikali mawe mawili kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7, kila nyumba mkoani Manyara ina ndugu anayeota jiwe lake.

Kiingilio kilikuwa elfu tatu. Tangazo lilisema saa kumi jioni, lakini saa kumi na mbili na nusu fundi alikuwa bado anabembeleza spika. Maiki zilikuwa mbili, waigizaji kumi na tano. Kwa hiyo kijana yuko Mererani, mama yuko Babati, na maiki inapita kati yao mkono kwa mkono. Safari ambayo basi linaihenyea masaa, maiki iliimaliza kwa hatua nne. Watu walicheka hapo, na kwa kweli hata mimi nilicheka.

Kisha zikaja ngoma. Vijana hawa walitaka kila mtu wa Babati ajione jukwaani: Wagorowa, Wairaqw, Warangi, Wambugwe, Wabarabaig. Si kazi ndogo. Lugha za watu hao hazina hata ukoo mmoja, na mji wetu umekaa njiapanda ya barabara kuu, kila kabila lina kijiwe chake. Walipotokea wale wa kuruka na fimbo, upande wa kushoto wa ukumbi ulilipuka kwa vigelegele, upande wa kulia ukakaa kimya. Ilipoingia ngoma ya Kirangi mambo yakageuka. Wakati huo kijana wetu wa Mererani kasimama pembeni, kashika koleo, anasubiri hadithi yake irudi. Alisubiri kama dakika ishirini. Nilimwonea huruma.

Sasa ndipo mama akafa. Binti aliyeigiza (nadhani hajafika miaka ishirini na mbili) alikufa kweli kweli: sauti ilipungua kidogo kidogo, mkono ukadondoka. Kukawa kimya. Ghafla mama mmoja wa makamo akanyanyuka kiti cha tatu, akapanda jukwaani anacheza, akaweka noti ya elfu tano kifuani kwa maiti. Maiti ikaishika isidondoke! Ukumbi ukapasuka. Watu wengine wanne wakapanga foleni kumtunza marehemu. Mtoto wake alikuwa bado anaimba kilio, hakuna aliyemsikia.

Tulipotoka, kwenye banda la chipsi kesi ilikuwa hiyo tu. Mwalimu mmoja alifura. "Hatuna ustaarabu wa ukumbini," alisema. "Mtu anakufa, nyie mnatoa hela!" Dereva wa bodaboda akamjibu: "Ticha, mi buku tatu yangu imerudi. Ila hadithi, haki ya nani, sijaielewa." Nikamfuata yule mama. Shikamoo, marahaba. Mbona ulimtunza maiti? Akanitazama kama mtu mgeni mjini: "Mwanangu, yule binti kafa vizuri. Ulitaka nimpe lini, akishazikwa?"

Mimi niko upande wa mama. Waliowahi kukaa Dar miaka ya 1990 watakumbuka maonyesho ya Muungano ya Norbert Chenga, na TOT ya Kapteni John Komba iliyoanzishwa mwaka 1992. Usiku mmoja ulikuwa na ngoma, sarakasi, kwaya, igizo na taarabu ya kina Khadija Kopa na Nasma Khamis, na watu walinyanyuka na noti zao bila kuambiwa. Kwenye igizo la huzuni walicheka pia. Kicheko kile hakikuwa dharau. Mara nyingi mtu hucheka kwa sababu kamwamini mwigizaji mno, anatafuta pa kupumulia.

Lakini angalieni tofauti. Kwa Muungano na TOT kila kitu kilikuwa na zamu yake. Ngoma ikiisha imeisha, ukimtunza mwimbaji hujakanyaga hadithi ya mtu. Vijana wetu wamemwaga vyote kwenye sufuria moja, wakataka mtazamaji ashangilie kabila lake huku anafuata safari ya Mererani. Hapo ndipo walipochemsha, siyo kwenye kuchanganya. Ningekuwa mimi, ningekata saa nzima ya ngoma za katikati, nikakiacha kifo kama kilivyo, na baada ya kufa ningeweka dakika tano za ngoma tupu bila maneno. Watu watunze wee mpaka wachoke, ndipo mtoto aanze kulia.

Na hili la kumsikiliza mtazamaji lilishafanyika hapo jirani. Mwaka 1977, kijijini Kamiriithu karibu na Limuru, Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii waliandaa Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda. Wanakijiji walijijengea jukwaa la wazi lenye nafasi ya watu zaidi ya elfu mbili. Mazoezi yalifanyika mbele ya kila mtu. Mzee akisikia mzee wa jukwaani anaongea kama mtoto wa shule, anamsahihisha papo hapo. Mfanyakazi wa kiwanda cha viatu anaeleza kazi ya kule ilivyo, na maneno yake yanaingia kwenye igizo. Lilianza Oktoba 2, likapigwa marufuku Novemba 16 mwaka huohuo. Serikali haikuhangaishwa na fujo ya jukwaani, ilihangaishwa na kueleweka. Mwaka 1982 walikuja na Maitu Njugira, lenye nyimbo za makabila kadhaa kama hawa wetu. Wakafungiwa mlango wa Ukumbi wa Taifa Nairobi, wakahamia chuo kikuu. Kwa hesabu ya Ngũgĩ, watu zaidi ya elfu kumi waliona mazoezi tu.

Nikampigia kiongozi wa kikundi chetu, nikamwuliza kama mazoezi yao yako wazi. "Hapana kaka, tunafunga mlango," akasema. "Watu wakijua mwisho hawatalipa."

Mwisho upi huo, jamani? Mpaka wauza ndizi wa stendi wanajua maiti ilipokea elfu tano.