Lugha ya Ishara Si Mikono Peke Yake



Kikundi kimoja cha akina mama hapa Busia kina mwanachama kiziwi. Alileta mchango wake kila wiki, lakini zamu yake ya kupokea pesa ikapewa mwingine bila yeye kuambiwa. Alipolalamika, tuliitwa tusuluhishe. Tukaenda na ishara chache tulizojifunza kwenye karatasi. Hatukuelewana hata kidogo!

Kosa lilikuwa letu. Huku kwetu, awe Mluhya, Mteso au Mjaluo, mtoto hufundishwa asimkazie mkubwa macho wala asimnyooshee mtu kidole. Hiyo ni adabu. Lakini katika lugha ya ishara, macho ndiyo masikio. Ukiangalia chini, ni kama umeziba masikio mwenzako akiongea. Kidole nacho ndicho husema "mimi", "wewe" na "yule".

Uso pia unaongea. Ukiinua nyusi, umeuliza swali. Sisi tulimwuliza, "Umelipwa?" na uso mkavu. Yeye akaona tunamwambia, "Umelipwa." Ndiyo maana alitoka kwa hasira.

Viziwi pia humpa mtu jina la ishara, mara nyingi kutokana na sura yake, kama kovu au pengo la meno. Kwetu hayo ni matusi. Kwao ni kumtambua mtu. Kwa hivyo ukipewa jina, usikasirike, umekaribishwa.

Na ng'ambo je? Wasamia na Wateso wako pande zote mbili za mpaka, lakini Lugha ya Ishara ya Uganda si sawa na ya Kenya. Kiziwi anayevuka Malaba kufanya biashara hubadilisha ishara, kama sisi tunavyobadilisha lugha. Na si lugha za mchezo: Katiba ya Uganda ya 1995 imeitaja lugha ya ishara, na ya Kenya ya 2010 imeiweka kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza.

Basi, mkutano ujao jaribuni hivi:

1. Kaeni duara, penye mwanga.
2. Mguseni begani kwanza, ndipo muanze.
3. Aongee mmoja mmoja.
4. Msimwite "bubu". Ana lugha yake.
5. Mwombeni awafundishe.

Yule mama alirudishiwa zamu yake. Siku hizi yeye ndiye mwalimu wetu, kabla pesa hazijahesabiwa.