Mimea Ieleayo na Mimea Itambaayo: Somo Kutoka Tangi la Samaki

Mtu atazamapo tangi la samaki ambalo maji yake yamefunikwa na majani mabichi, aghalabu husema kwamba maji hayo ni mazima. Mimi nami niliamini hivyo, hadi asubuhi moja nyumbani kwangu Mbagala nilipowakuta samaki wamepanda juu wakitweta, na wawili wamekwisha kufa. Hapakuwa na sumu wala ugonjwa. Waliuawa na majani yale yale niliyokuwa nikiyasifu.

Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilizoea matangi yenye taa kali, pampu za hewa na mitungi ya kabonidayoksaidi. Shule nyingi za Kinondoni na Temeke haziwezi kugharimia vifaa hivyo, wala hazivihitaji. Tangi la kioo, udongo, mchanga, maji na nuru ya dirishani vyatosha, ili mradi mtunzaji ayaelewe mashindano yaliyopo baina ya makundi mawili ya mimea.

Makundi hayo ni yapi?

Kundi la kwanza ni mimea ieleayo. Mfano ni Pistia, ifananayo na kabichi changa, na Lemna, ambayo kijani chake hakizidi punje ya mchele. Kundi la pili ni mimea itambaayo chini na kutandaza zulia. Katika majaruba na madimbwi hupatikana Marsilea, mmea wa jamii ya kangaga, ambao kila jani lake lina vipande vinne vilivyopangwa kama msalaba.

Kila mmea wa kijani huhitaji nuru na kabonidayoksaidi ili ufanye usanisinuru. Mmea ueleao hupata nuru kabla ya wengine, na huvuta kabonidayoksaidi moja kwa moja kutoka hewani. Ule wa chini hupata nuru iliyobaki, na hungojea gesi iliyoyeyuka majini, ambamo gesi husambaa polepole kiasi cha mara 10,000 kuliko hewani. Kwa hiyo mashindano haya si ya haki tangu mwanzo.

Liko na jambo la pili. Majani yaliyo juu hutoa sehemu kubwa ya oksijeni yao hewani, ambako samaki hawaifikii. Mimea iliyozama huitoa majini. Usiku mimea yote, samaki na bakteria hutumia oksijeni bila kuirudisha, na blanketi la majani huzuia hewa kuingia majini. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwangu: nilisafiri majuma matatu, mimea ya juu ikaziba maji yote, zulia likaoza gizani, na oksijeni ikapungua mno kabla ya mapambazuko.

Hata hivyo mimea ieleayo si adui. Mizizi yake hunyonya amonia itokanayo na kinyesi cha samaki, na kivuli chake huzuia mwani kuenea. Tunachokitafuta ni kiasi.

Namna ya kutengeneza

Tandaza udongo wa bustani usio na mbolea, unene wa sentimita 3, kisha uufunike kwa mchanga wa mtoni uliooshwa, unene kama huo. Mchanga wa pwani haufai kwa sababu ya chumvi na vipande vya makombe. Maji ya bomba yaache wazi siku mbili ili klorini itoke. Maji ya kisima yaonje kwanza, kwani visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi. Panda Marsilea vipande vidogo vidogo. Elesha juu duara lililotengenezwa kwa bomba jembamba la plastiki, na mimea ieleayo uizuie ndani yake, isipite theluthi moja ya uso wa maji. Kila juma punguza izidiyo.

Jaribio la darasani

Chukua mitungi mitatu ya kioo iliyopandwa Marsilea sawasawa. Wa kwanza usiwe na Lemna. Wa pili ifunike nusu. Wa tatu ifunike wote. Hesabu majani ya Marsilea kila juma kwa majuma sita, kisha chora grafu. Wanafunzi wakokotoe pia: ikiwa vijani 10 vya Lemna huongezeka maradufu kila siku 3, vitakuwa vingapi baada ya siku 30? Jibu ni 10,240.

Tahadhari

Usiingie dimbwini miguu mitupu kutafuta mimea, kwani konokono wa maji baridi hueneza kichocho. Vaa mabuti na glovu, ondoa konokono na mayai yao, kisha iache mimea ndooni siku tatu bila kugusa maji yake. Weka samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu. Lakini viluwiluwi vya mbu aina ya Mansonia hujipachika kwenye mizizi ya Pistia na kupata hewa humo. Kwa hiyo mizizi hiyo ikague mara kwa mara.

Mwisho, mimea unayoipunguza usiitupe mtaroni wala Mto Msimbazi. Ianike juani ikauke kabisa, kisha uifanye mboji. Magugumaji, yenye asili ya Amerika ya Kusini, yalipelekwa nchi nyingi kwa ajili ya uzuri wa maua yake. Katika miaka ya 1950 yalionekana katika mito ya Sigi na Pangani, na kufikia mwaka 1990 yalikuwa yamekwisha kuingia Ziwa Viktoria, yakafunga njia za mitumbwi na kuwanyima samaki oksijeni. Katika miaka ya 1990 ilibidi waletwe fukusi wa kuyala. Yaliyowapata wavuvi wa ziwa lile ndiyo yaliyolipata tangi langu. Tofauti ni kwamba tangi niliweza kulisafisha kwa mikono yangu miwili.